Tone Lililokataa Kutandaa

Bamba lililoleta balaa lote lile lilikuwa dogo kuliko kiganja cha mtu. Inspekta alilishika kwa kibano, akalipindua, akaisoma alama iliyochongwa mgongoni, kisha akalirudisha juu ya kitambaa cheupe.

"Ni lenyewe," alisema. "Halikubadilishwa."

Koplo wake, mwanamke mwepesi wa ulimi na wa miguu, alishusha pumzi. Dhana ya kwamba kuna mtu aliiba bamba zima akaweka bovu ilikuwa imewalia jana yao yote, na sasa imekufa kabla hata ya chai ya asubuhi.

Kituoni walimwita Inspekta "Kobe", na mwenyewe alijua. Hakuona tusi. Kobe, alikuwa akisema, hajawahi kukamatwa kwa mwendo kasi.

Walikuwa katika karakana ya utafiti nyuma ya chuo cha ufundi: chumba kirefu chenye madirisha ya juu, meza za chuma zilizojaa mikwaruzo, na sinki ambalo bomba lake halikufungika vizuri. Katikati ulisimama mtungi wa mvuke, kimo chake kiunoni kwa mtu mzima, mshono mmoja umepasuka na kubenuka nje. Ulibuniwa kwa ajili ya zahanati zenye umeme hafifu, uchemshe vyombo vya upasuaji upesi bila kula umeme mwingi. Wiki iliyopita, mtungi ukiwa unaonyeshwa kwa madaktari wageni, bamba la chini lilipata moto ghafla, mshono ukaachia, mvuke ukamkumba fundi wa mitambo kifuani na mkono wa kulia. Fundi huyo, kijana mwembamba waliyemwita Sindano, alikuwa wodini. Shemeji yake, mkemia wa karakana hiyohiyo, alikuwa mahabusu.

Mwanamke aliyeketi kwenye stuli karibu na sinki ndiye aliyewaunganisha hao wawili. Alikuwa mhandisi aliyebuni bamba, mke wa mkemia, na dada wa Sindano, ziwa moja. Macho yake yalikuwa makavu, kama ya mtu aliyekwisha kumaliza kulia akaona hakuna kilichobadilika.

Koplo alimvuta Inspekta pembeni, akashusha sauti.

"Afande, tusizunguke. Mkemia ndiye aliyeliosha bamba mara ya mwisho. Ndiye aliyelifungia sandukuni, na ufunguo anao yeye peke yake. Kabla ya hapo waligombana na Sindano mpaka watu wa chumba cha pili wakatoka kusikiliza. Kwenye droo yake tumekuta chupa ya mafuta ya mashine. Mkuu anataka jalada liende kwa mwendesha mashtaka leo."

"Waligombania nini?"

"Mkemia alilalamika kwamba mabamba yanagongana sandukuni yakibebwa. Akamwambia Sindano, 'Haraka yako itakuja kukuunguza.'"

"Maneno mabaya kumwambia mtu anayekwenda kuungua," alisema Inspekta. Akarudi mezani. "Dada, nieleze hili bamba. Nieleze kama unayemweleza mtu aliyekuwa akilala kwenye kipindi cha sayansi."

Mhandisi alijifuta mikono ingawa ilikuwa mikavu.

"Ni shaba. Juu yake tumeotesha malaika."

Koplo aligeuka. "Malaika?"

"Ya mwilini, si ya mbinguni. Tazama mkono wako, hivyo vinywele laini. Sasa vifikirie vidogo mara elfu na zaidi, vimesongamana kama zulia. Huvioni ila kwa hadubini kubwa. Unachokiona wewe ni weusi tu."

"Kazi yake?"

"Maji yakichemka chini ya sufuria yanatoa viputo. Kiputo kikiondoka, pale kilipokuwa panabaki pakavu kwa kitambo. Kwenye shaba ya kawaida, ukizidisha moto viputo vinaungana, vinakuwa kama blanketi la mvuke. Maji yapo juu, chuma kipo chini, lakini havigusani."

"Kama tone kwenye kikaango kilichopata moto kupita kiasi," alisema Koplo. "Badala ya kukauka, linakimbiakimbia."

"Hivyo hivyo. Limepanda juu ya mvuke wake lenyewe. Chuma kikikosa pa kupeleka joto lake, kinapanda moto kufumba na kufumbua. Malaika yanazuia hilo. Yanafyonza maji kama utambi unavyofyonza mafuta, kiputo kikitoka tu, maji yamekwisha kurudi. Kwa hiyo tunaweza kuliwasha bamba dogo kwa moto mkubwa na lisikauke."

"Na swichi ya usalama haikukata?"

"Ilikata. Ila joto lilikuwa limekwisha kufika kwenye mpira wa mshono."

Alivuta kwenye droo bamba jingine, pacha wa lile, akachukua kidude cha kudondoshea maji, akadondosha tone moja. Halikukaa. Lilitandaa papo hapo na kunywewa, pakabaki kivuli cheusi chenye unyevu. Kisha akadondosha tone kwenye bamba lililoungua. Lilisimama duara, likang'aa kama ushanga. Alipoinamisha bamba, likabingirika na kuanguka.

Inspekta aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa meza.

"Hili linayakataa maji."

"Limeungua, afande," alisema Koplo. "Moto umeharibu hayo malaika."

"Nami nilidhani hivyo," alisema Mhandisi.

"Inawezekana," alisema Inspekta. "Au lilianza kuyakataa kabla ya moto, na moto ukaja kwa sababu hiyo. Tunataka kitu kilichokuwa na bamba hili mpaka asubuhi ile, lakini hakikuingia mtungini. Kipo?"

Mhandisi aliinua kichwa taratibu.

"Shahidi."

"Nani?"

"Si mtu. Kila bamba tunalikatia kipande kidogo cha shaba ileile, kinaoteshwa malaika pamoja nalo, kinaoshwa pamoja, kinalala sanduku moja. Tunakiita shahidi. Siku ile kilibaki sandukuni."

"Na sanduku lipo?"

"Mlilichukua nyinyi."

Inspekta alivaa kofia. "Basi tuna shahidi ndani ya stoo yetu wenyewe, na hakuna aliyemhoji."

*

Stoo ya vielelezo ilikuwa chumba kisicho na dirisha kituoni, kimejaa baiskeli, mapanga na televisheni za watu. Koplo alikata utepe wa mfuko wa plastiki. Mara sanduku la bati lilipofunguka, alirudisha kichwa nyuma.

"Nani amemwaga siki humu?"

Inspekta alikitoa kile kipande cha shahidi kwa kibano, akadondosha tone. Likasimama duara.

"Basi moto hauna hatia," alisema.

"Na mkemia ndio amekwisha kabisa," alisema Koplo. "Bamba liliharibiwa ndani ya sanduku, na ufunguo ni wake. Alipaka yale mafuta."

Lilikuwa neno la maana, na Inspekta alilipa haki yake. Aliomba ile chupa iliyokutwa droo ya mkemia, akapaka mafuta kidogo kwenye kipande kingine alichopewa na Mhandisi. Mafuta yalifanya doa linaloonekana hata na kipofu: penye mafuta maji yalisita, pembeni yakanywewa. Kisha akakipindua kipande cha shahidi, akadondosha tone mgongoni. Duara. Akadondosha kwenye ukingo, ndani ya tundu la skrubu, kila mahali. Duara, duara, duara.

"Mtu anayepaka ana mkono," alisema. "Mkono huruka mahali, huzidisha mahali. Na adui wa bamba hana sababu ya kupaka mgongoni. Hiki hakikupakwa. Kimefukizwa, Koplo, kama nguo inavyofukizwa udi. Kitu kilikuwa hewani humu ndani."

Waliinamia sanduku pamoja. Kuta zake za ndani zilikuwa zimewekewa sponji, na sponji imezungushiwa kingo kwa kitu cheupe, laini, kama mpira. Kwenye kona moja mtu alikuwa amekilainisha kwa kidole gumba. Alikuwa fundi mwangalifu, hakuacha hata tone nje ya mstari.

"Gundi ya silikoni," alisema Koplo. "Fundi bomba aliipaka kwangu kwenye sinki. Nyumba ilinuka siki, mume wangu akaniuliza nimepika nini."

"Iliwekwa lini?"

"Kabla bamba halijaingia, lazima."

"Ndiyo. Kufuli hulinda kinachotoka na kinachoingia. Kilichokwisha kuwamo halikihusu." Inspekta alifunga sanduku. "Mlete mkemia."

*

Mkemia aliingia chumba cha mahojiano bila mkanda na bila kamba za viatu. Alikuwa mrefu, ndevu zimeanza kumvamia. Alikwisha kuhojiwa na wengine, na majibu yake yote yalikuwa mafupi: niliosha, nilifunga, sijui.

Inspekta hakumuuliza. Aliweka sanduku mezani, akalifungua, akakaa.

Macho ya mkemia yalikwenda moja kwa moja kwenye ile kona yenye alama ya gumba, yakatulia hapo kidogo, yakahamia ukutani.

"Umejua tangu lini?" aliuliza Inspekta.

"Kujua nini?"

"Siki."

Nje, mtu alikuwa akijaribu kuwasha pikipiki iliyogoma.

"Nilipolifungua asubuhi ile nilisikia harufu," alisema mwishowe. "Nikadhani ni siki tunayosafishia ukoko wa chokaa kwenye birika la chai. Wageni walikuwa mlangoni. Pua ilijua, akili ikapita. Mtungi ulipopasuka ndipo nikaelewa. Mvuke wa gundi ile unatua juu ya malaika kama vumbi usiloweza kuliona. Maji hayaigusi tena shaba."

"Na nani aliyeipaka?"

"Sijui."

"Sanduku lilikuwa wapi kabla ya kuweka bamba?"

"Sijui."

"Mkemia," alisema Inspekta kwa upole, "ukiendelea hivi unakwenda gerezani."

"Sitasema neno la kumtia hatiani mtu aliyelala wodini."

Koplo aliacha kuandika. Mkemia naye alijisikia alichokisema, akafumba macho.

"Amelala pale, ngozi imemtoka," alisema. "Mkono wenyewe wa kazi. Nimwambie, 'Na kosa ni lako'? Alifanya kwa sababu nilimgombeza. Nilisema mabamba yanagongana, basi akayatafutia godoro. Nilitaka apone kwanza. Akishapona ningesema."

"Na mke wako?"

"Mke wangu ni dada yake."

Inspekta alilifunga sanduku. Katika kazi yake alikuwa ameona watu wengi wakinyamaza, karibu wote kwa kuogopa. Alimwamini huyu. Lakini imani haiandikwi kwenye jalada, kwa hiyo akasimama, akaomba vipande viwili vipya vya shaba.

Mhandisi alivileta mwenyewe, akaviosha mbele ya Koplo, na vyote viwili vikanywa maji bila kusita. Kimoja Inspekta alikitia katika sanduku, kingine katika chupa ya kioo iliyooshwa na kukaushwa. Akavifunga vyote, akaviweka ubavu kwa ubavu kwenye kizingiti cha dirisha la mkuu wa kituo, mahali palipopiga jua zaidi.

"Hapo ofisini kwangu?" aliuliza mkuu.

"Hakuna atakayesema tulivichezea, mzee. Utakuwa unavilinda wewe."

Mkuu alilitazama sanduku, akamtazama Kobe wake, akarudi kusoma faili zake.

*

Wodi ya majeruhi wa moto ilikuwa na mapazia ya kijani na utulivu wa watu wanaoogopa kujigeuza. Sindano alilala amefungwa bandeji kuanzia shingoni hadi kwenye vidole. Mama yake aliketi kando na kikombe chenye mrija.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakumkaribisha kiti. "Mmeshampeleka mahakamani yule? Nilimpa binti yangu, naye akamchemsha mwanangu."

"Mama," Sindano alisema kwa sauti iliyokwaruza, "mwache afande aseme."

Inspekta alikuwa ameyapanga maneno tangu kituoni, na sasa yote yalimtoka kichwani. Akauliza swali lake kama lilivyo.

"Sponji na mpira ndani ya sanduku. Nani aliyeviweka?"

Uso wa Sindano ulichangamka.

"Mimi. Lilikuwa kwangu natengeneza bawaba, nikaona nilifanyie kazi nzima. Shemeji alikuwa analalamika mno. Nikasema, siku akilibeba asisikie hata chembe, atanyamaza. Uliiona ile kona? Kazi safi, si ndiyo?"

"Safi sana," alisema Inspekta.

Kisha akavuta stuli, akaketi, kwa sababu habari kama hiyo haisemwi kwa kusimama. Alimweleza yote polepole: malaika, mvuke wa gundi, tone lililokataa kutandaa. Hakupunguza neno. Kijana alikuwa fundi, na fundi hudanganywa mara moja tu.

"Bado nasubiri kuthibitisha," alimalizia. "Lakini kama ni hivyo, sijaona ubaya wa mtu yeyote humu. Ulitaka kulinda kazi. Gundi ile inauzwa kila duka, na hakuna aliyekuambia kwamba inadhuru shaba ya namna hii."

Sindano alitazama dari. Chozi lilimshuka upande wa sikio, naye hakuwa na mkono wa kulifuta: wa kulia ulikuwa ndani ya bandeji, wa kushoto umefungwa dripu. Mama yake alilifuta kwa ncha ya khanga.

"Shemeji anajua?" aliuliza.

"Tangu siku ileile."

"Na amekaa ndani kimya."

"Amekataa kulitaja jina lako. Nimembana, akakataa."

Mama alikiweka kikombe juu ya kabati. Alikaa akiitazama mikono yake.

"Mjinga yule," Sindano alisema. Alijaribu kucheka, kifua kikamkatalia. "Mjinga kabisa. Angekuja kunitukana hapa, ningelala vizuri zaidi. Mleteni, afande."

Simu ya Inspekta ilitikisika mfukoni. Alikuwa Koplo, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane aliongea taratibu.

"Jua limeanza kushuka, tumefungua. Cha kwenye chupa kimekunywa maji kama ng'ombe. Cha sandukuni kimekataa. Mkuu amedondosha mwenyewe, akarudia, sasa analisukuma tone kwa kalamu huku na huku kama mtoto. Anasema andika ajali, yeye atatia saini."

"Na Mhandisi?"

"Yupo hapa. Anasema kuna taa yao, ya miale mikali, inaweza kuichoma hiyo silikoni mpaka malaika yakubali maji tena. Keshajaribu kwa kipande cha shahidi, kimeanza kunywa. Na yule daktari mkuu wa wageni amepiga simu. Anauliza kama mtungi bado upo. Kule kwao wanachemshia vyombo juu ya mkaa, hawezi kungoja mwingine."

"Mwambie upo. Mfungulie mkemia."

*

Walifika kabla muda wa kuona wagonjwa haujaisha. Mhandisi aliingia kwanza, akambusu mdogo wake kipaji cha uso. Mkemia alibaki mlangoni, viatu vikimvuka kwa kukosa kamba, hajui mikono aiweke wapi.

Mama mkwe wake alisimama. Wodi nzima ilikuwa na kiti kimoja chenye mgongo, na alikuwa amekikalia yeye tangu mwanawe alazwe. Alikigeuza kuelekea kitanda.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Umesimama mno."

Mkemia alikaa. Alifungua kinywa, na Sindano akamuwahi.

"Usiniombe msamaha. Ukiniomba nitalazimika nami nikuombe, na kifua hakiwezi. Unanuka, shemeji."

"Nimetoka mahabusu."

"Inasikika." Sindano alivuta pumzi, akaitoa polepole. "Una kalamu? Mshono wa mtungi tumeuweka vibaya. Umeelekea kwa watu. Hata bamba likiwa zima, siku moja kitu kingine kitaharibika. Ugeuze uelekee ukutani, na tuukingie na bati. Chora wewe, mimi nitasema."

Mkemia alitazama huku na huku. Inspekta akampa kalamu yake, Mhandisi akachana upande wa boksi la dawa. Mama akashika kile kipande cha boksi kwa mikono miwili ili kisiteleze, ingawa hakujua kinachochorwa.

"Duara kwanza," alisema Sindano. "Kubwa zaidi. Hapo. Sasa shuka chini."